Marekani Imekwisha, Asema Shemeji: Sababu Tisa za Kumbishia

Kila Jumapili, saa tatu usiku ya Dar es Salaam, simu yangu huita, na kabla sijauliza habari za watoto, shemeji yangu aliyeko Columbus, Ohio, hunitangazia msiba. "Shem, hii nchi imekwisha." Iliisha mafuta yalipopanda bei. Ikaisha tena mayai yalipopanda. Ikaisha kabisa timu yake ya mpira wa kikapu ilipofungwa nyumbani. Nikimuuliza anarudi lini, husema anasubiri kitinda mimba amalize shule. Kitinda mimba mwenyewe yuko chekechea.

Na mwaka juzi mtu huyuhuyu alitia saini mkopo wa nyumba wa miaka 30. Uchumi sijausoma, lakini sijapata kuona mtu akikopa hadi uzeeni katika nchi iliyokwisha. Mdomo wa shemeji unaomboleza, mkono wake unasaini.

Ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Akisema "kwetu" anamaanisha huko, kwenye michungwa, na kwa miaka 16 neno hilo halijahama. Dada yangu, mkewe, hachangii mjadala. Yeye kila ninapopiga ama yuko zamu, ama amelala kwa sababu ya zamu.

Basi nimemwandikia shemeji orodha. Ninahesabu kurudi nyuma kama redio na nyimbo zake bora za wiki, maana akipewa namba moja mwanzoni hatasoma zilizobaki.

9. Vitu vyao vyote vilishuka melini

Mchukue Mmarekani wa kwenye kalenda: amevaa jinzi, ana hambaga mkononi, anaiimbia nchi yake. Jinzi ni kazi ya Levi Strauss, mhamiaji kutoka Bavaria, na Jacob Davis, fundi cherehani kutoka Riga, waliopata hataza ya mifuko iliyokazwa kwa ribiti za shaba mwaka 1873. Hambaga imebeba jina la Hamburg mpaka leo na haioni aibu. Na "God Bless America" ilitungwa na Irving Berlin, mtoto wa Kiyahudi aliyetoka katika himaya ya Urusi na kufika New York mwaka 1893 akiwa na miaka mitano. Huyohuyo akawatungia na "White Christmas". Wakristo wakapewa Krismasi yao na mtu ambaye kwao haikusherehekewa.

Hata Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa familia za wahamiaji wa Kiyahudi na kutoka katika kitabu cha katuni mwaka 1938, ni kichanga aliyeingia nchini bila viza, akaokotwa na watu wema ambao hawakujaza fomu hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 salsa, yaani kachumbari ya Wameksiko, iliipita tomato sosi kwa thamani ya mauzo. Kwa hiyo shemeji alipokaanga dagaa mwaka wake wa kwanza, na jirani akapiga simu zimamoto, nilimwambia avumilie. Zamu ya dagaa inakuja.

8. Benjamin Franklin alikosea

Na alikuwa mtu mwenye akili, jamani. Alicheza na radi. Lakini mwaka 1751 aliandika kwa uchungu kuhusu wageni waliokuwa wakijazana Pennsylvania: watakuwa wengi mno, hawatashika lugha yetu wala desturi zetu, watatugeuza sisi tuwe wao. Hata rangi yao aliiona haijakaa sawa. Wageni wenyewe ni Wajerumani. Sisi wa Tanganyika tumewahi kutawaliwa na Wajerumani, na katika malalamiko yetu yote, upungufu wa weupe haukuwemo.

Sasa tazama. Ukoo wa Eisenhower uliingia Pennsylvania mwaka 1741, yaani ni walewale waliomkosesha Franklin usingizi. Mjukuu wao wa mbali, Dwight, ndiye aliyeongoza majeshi ya washirika kuipiga Ujerumani, kisha akawa rais mwaka 1953. Kushika desturi za wenyeji zaidi ya hapo sijui ni kupi.

Kuna mwingine. Mwaka 1885 kijana wa miaka 16 aliondoka kijiji cha Kallstadt, akafika New York, akafanya kazi ya kinyozi. Baadaye akapata fedha kwa kuwalisha wachimba dhahabu, akaoa msichana wa kwao, akataka kurudi kuishi nyumbani. Wakuu wa Bavaria wakamkatalia: wewe ulikwepa jeshi, ondoka. Mwaka 1905 babu wa watu akafukuzwa nchini, nchi yenyewe Ujerumani. Jina lake Friedrich Trump. Mwanawe akaja kuoa binti aliyetoka visiwa vya Scotland mwaka 1930. Sina la kuongeza, mimi nasoma tarehe tu.

7. Watoto wanajibu kwa Kiingereza

Hili linawauma wazazi na ninawapa pole, ila kwenye orodha yangu ni habari njema. Kila kizazi cha Wamarekani kimeapa kwamba wageni wa safari hii, tofauti na wale wa zamani, hawatajifunza Kiingereza. Na kila kizazi kimeumbuliwa na watoto wa wageni haohao. Anayefika anatafuta maneno. Mtoto anazungumza lugha mbili, moja akiwa amenuna. Mjukuu anabaki na majina ya vyakula na matusi mawili ya bibi. Watafiti wamelipima jambo hili kusini mwa California, jirani kabisa na mpaka wa Meksiko, mahali ambapo Kihispania kinasikika kila kona, na hata huko kufikia kizazi cha tatu kinakuwa kimeshika roho mkononi.

Mpwa wangu mkubwa, miaka 11, aliamriwa na mama yake aniamkie kwenye simu. Akauliza kwa nini mwisho wa salamu lazima alie kama ng'ombe. (Ng'ombe wa Kiingereza husema "moo". Wetu, wenye adabu, hawajaingizwa kwenye shikamoo.)

"Shika moo, Anko."

"Si anko," dada akamkaripia, "ni mjomba."

"Mjomba ni nani?"

"Ni kaka wa mama."

"Basi si anko?"

Kesi ikafungwa, mlalamikaji akalipa gharama.

Lakini Mungu ana utani. Kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka wakimbizi wengi zaidi Marekani, na Mkongo wa mashariki anatua na Kiswahili chake mkobani. Hospitali, shule na mahakama zikaanza kutafuta wakalimani wa Kiswahili kwa malipo ya saa. Mpwa wangu anaikataa bure lugha ambayo siku moja atalipwa kuisema. Hapo ndipo utakapomsikia akisema shikamoo bila kumsingizia ng'ombe.

6. Pamoja ndugu

Shemeji, hii isome umekaa.

Jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa, theluji mpaka magotini, kuna mji unaitwa Lewiston. Ulijengwa na viwanda vya nguo, na waliovijaza viwanda hivyo ni Wakatoliki waliotoka Quebec wakizungumza Kifaransa. Walipokewaje? Mwaka 1919 Maine ilipitisha sheria kwamba shuleni kufundishe Kiingereza peke yake. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan ikapata wafuasi tele jimboni humo, na kwa kuwa weusi walikuwa wachache mno, chuki ikapelekwa kwa Wafaransa. Kila mahali hutumia malighafi iliyopo.

Wafaransa wakakaa, wakazaa, wakawa ndio wenye mji. Kisha viwanda vikafungwa. Vijana wakahama, maduka ya Lisbon Street yakabaki na vioo vyenye vumbi.

Mwaka 2001 zikaanza kufika familia za Kisomali, nyingi zikiwa zimepitia kambi za Dadaab, Kenya, kisha miji mikubwa ya Marekani iliyowachosha kwa kodi na vurugu. Walitaka mahali pa kulelea watoto. Wasomali wanapigiana simu kuliko sisi tunavyopigiana, na baada ya mwaka mmoja walikuwa zaidi ya elfu. Mwaka 2002 meya akawaandikia wazee wao barua ya wazi: tafadhali waambieni wenzenu wapunguze kuja, mji umeelemewa. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kutoka nje kuitisha mkutano wa kuwapinga. Wakahudhuria watu wachache wa kuhesabika. Siku hiyohiyo maelfu ya wakazi wa Maine walikusanyika upande wa pili wa mji, kwenye baridi ile, kuwatetea majirani zao.

Barua ya meya ilifanya kazi kama zifanyavyo barua za namna hiyo: watu waliendelea kuja. Kwenye vioo vya vumbi vya Lisbon Street pakaanza kuuzwa nyama halali, sambusa na vitambaa. Wajukuu wa Wafaransa wakaenda kuuliza bei.

Na watoto? Watoto waliomba mpira. Mwaka 2015 timu ya soka ya Lewiston High School, wengi wao wakiwa vijana wa Kisomali pamoja na Wakongo na wengine waliokulia kambini, ilimaliza msimu bila kufungwa, ikaishinda Scarborough 1-0 kwenye fainali na kuchukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza katika historia ya shule. Kabla ya kila mechi walikuwa wakikumbatiana duara na kupaza sauti: "Pamoja ndugu!" Kiswahili, shemeji. Kilisafiri kutoka vumbi la Dadaab mpaka theluji ya Maine, na wavulana weupe wa timu hiyo walikipaza vilevile. Mwalimu wangu wa Kiswahili angedai alama ya mkato baada ya "pamoja". Mimi namsamehe hata refa.

5. Bado inashughulikiwa

Ombi lako limepokelewa. Usipige simu, usitume barua pepe, usizeeke.

La kuzeeka si utani. Mtoto aliyeombewa pamoja na wazazi wake anaweza kupoteza nafasi akifikisha miaka 21 faili likiwa bado mezani. Na mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000. Januari 2025 mpango huo wa wakimbizi ukasimamishwa, na kwa mwaka wa fedha wa 2026 ukomo ukawekwa 7,500. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, zipo familia za Wakongo zilizosubiri miaka mingi kuliko umri wa watoto wao. Siwezi kuwaimbia hawa wimbo wa matumaini kwa simu ya bei rahisi kutoka Dar.

Ninalojua ni kwamba mlango huu umewahi kufungwa. Sheria ya 1924 iliubana kwa miaka 41, na kufikia 1970 waliozaliwa nje walikuwa chini ya watu 5 kati ya kila 100. Mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 14, karibu sawa na mwaka 1890. Lakini wengi waliokuwa wamesimama nje ya mlango wakati umefungwa hawakuwepo kuushuhudia ukifunguliwa. Namba 5 naiacha hivyo.

4. Dubu mwenye fedha tumboni

Mama zetu hufunga fedha kwenye pindo la kanga. Katalin Karikó, mwanabiokemia wa Hungaria, hakuwa na kanga. Mwaka 1985, yeye na mumewe walipokuwa wakihamia Philadelphia, serikali yao haikuruhusu raia kutoka na fedha nyingi. Wakauza gari, wakabadilisha kwa magendo, wakapata takriban pauni 900, wakazishonea ndani ya dubu wa kuchezea wa binti yao wa miaka miwili. Fikiria forodhani: kila mtu anamtazama mama, benki imekumbatiwa na mtoto.

Miaka mingi alihangaika na utafiti wake wa mRNA huku wakubwa wakimnyima fedha na kumshusha cheo. Utafiti huo ndio uliozaa chanjo za UVIKO-19, na mwaka 2023 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Drew Weissman. Binti je, mwenye dubu? Susan Francia aliipigia Marekani makasia, akachukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, akarudia London 2012. Familia moja, dubu mmoja.

Karibu nusu ya kampuni 500 kubwa za Marekani zilianzishwa na wahamiaji au watoto wao. Sizitaji, maana shemeji atasema hata hizo zimekwisha.

3. Ngazi bado ina vipago

Hapa shemeji hupandisha sauti. "Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia! Leo nabeba maboksi!" Ni kweli. Anaendesha foklifti katika ghala, na dada, mwenye stashahada ya uhasibu, anaogesha wazee wa watu usiku. Siwezi kumwambia hajashuka.

Lakini wachumi wawili, Ran Abramitzky na Leah Boustan, walichimba rekodi za sensa na kodi za zaidi ya karne moja, wakaunganisha baba na wana katika mamilioni ya familia, na mwaka 2022 wakatoa kitabu, *Streets of Gold*. Waligundua kwamba hadithi ya mgeni anayefika maskini na kufa tajiri ni nadra, leo na hata zamani zile wanazozisifia. Mhamiaji mwenyewe hupanda polepole sana. Anayeruka vipago ni mtoto wake. Na watoto wa maskini waliotoka Meksiko au Jamhuri ya Dominika leo wanapanda sawasawa na walivyopanda watoto wa maskini wa Uswidi na Ufini miaka mia iliyopita, wale ambao sasa husifiwa kuwa wahamiaji wa mfano.

Kwa nini? Sababu moja ni kwamba mgeni huenda kwenye kazi. Mwenyeji ana kaburi la babu na shamba la urithi vinavyomshika mguu. Mgeni ameshaacha makaburi yote, ataogopa nini kuhama kutoka Ohio kwenda Texas? Nyingine ni shemeji mwenyewe. Kwenye sensa anaonekana mbeba maboksi, na mtoto wake anahesabiwa mtoto wa mbeba maboksi. Ila jioni, mezani, anayemfundisha huyo mtoto kanuni za Newton ni mwalimu wa fizikia. Sensa haina safu ya jambo hilo.

Na kwa wanaouliza habari za uhalifu: wachumi hao na wenzao wamepitia pia miaka 150 ya rekodi za wanaume waliofungwa jela. Hawakukuta kipindi ambacho wahamiaji walifungwa kwa wingi kuwashinda wazawa. Mtu anayeogopa hata kupigiwa honi na polisi ataiba saa ngapi?

2. Waheshimiwa hawajui wanachosaini

Mambo mazuri ya Marekani mengi yametokea kwa bahati mbaya. Tarehe 3 Oktoba 1965, miguuni pa Sanamu ya Uhuru, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya kufuta mgawo wa nafasi kwa mataifa, akawatuliza watu kwamba haileti mapinduzi yoyote. Wabunge waliipa familia kipaumbele wakidhani watakaoitana ni ndugu wa Ulaya. Ulaya ilikuwa imeshiba. Walioitana wakawa Wafilipino, Wahindi, Wakorea, Wameksiko.

Hawakujifunza. Miaka mingi baadaye wanasiasa wenye asili ya Ayalandi wakaona ndugu zao wanakosa njia, wakapigania viza za kuwasaidia. Mpango wa mpito wa sheria ya 1990 uliwatengea Waayalandi asilimia 40. Mwaka 1995 ukawa bahati nasibu ya karibu dunia nzima, na Afrika ikaingia na shuka jeupe la kupigia picha. Shemeji, ulishinda bahati nasibu hiyo mwaka 2009 kwa fomu niliyokujazia mimi kwenye intaneti kafe ya Kariakoo. Mtu wa Muheza yuko Ohio kwa hisani ya Waayalandi, na Siku ya Mtakatifu Patrick hujavaa hata soksi ya kijani.

Na waliokuja baada ya hapo, kwa njia hizo na nyingine, sasa wanachaguliwa. Ilhan Omar aliishi miaka minne ya utoto wake katika kambi ya wakimbizi ya Utange, pale Mombasa. Mwaka 2018 Minnesota ikamchagua kuingia Bungeni. Zohran Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Mahmood, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Mwaka 2025 New York ikamchagua Zohran kuwa meya. Siasa zao unaweza kuzichukia ukitaka, wengi wanazichukia na wanalala salama. Obama simtaji, Wakenya walishampumzikia siku nzima mwaka 2008.

1. Shemeji

Jumapili iliyopita nilikuwa namsomea orodha hii. Nilipofika kwenye dagaa akanikatiza.

"Shem, acha hayo. Kuna jirani wamehamia hapa pembeni, Wahaiti. Wanakaanga samaki saa nne usiku, harufu mpaka chumbani. Magari wanaegesha kwenye majani. Watoto wanapiga kelele, Kiingereza chenyewe hawajui."

"Umewaambia?"

"Nitaandikia kamati ya mtaa. Hawa wageni lazima waelekezwe. Kwetu hatuishi hivyo!"

"Kwetu wapi, shem?"

Kimya. Nilimsikia dada, siku hiyo hana zamu, akicheka mpaka anakohoa.

"Mtandao unakatakata," shemeji akasema, na simu ikakatika.